"Tamaduni tofauti" au "tamaduni mbalimbali"?

SWALI: Katika insha yangu niliandika: "Wanafunzi wa nchi tofauti walieleza tamaduni zao tofauti." Aliyeisahihisha alifuta "tofauti" zote mbili akaweka "mbalimbali". Nimekosea wapi?

JIBU: Ile ya kwanza umekosolewa kwa haki. Ya pili mimi ningekuachia, ila kwa sharti.

"Mbalimbali" linahusu wingi. Ukisema wanafunzi wa nchi mbalimbali, unatuarifu kwamba nchi zenyewe ni kadhaa, basi. Kama zinafanana au hazifanani, hilo hujaligusa. "Tofauti" ni neno la kulinganisha. Limetoka katika Kiarabu, tafawut, na hata huko umbo lake ni la kutendana: sharti pawe na pande mbili, huyu yuko hivi, yule yuko vile. Ndiyo maana msomaji makini akikuta "nchi tofauti" anabaki akingoja. Tofauti na nini? Tofauti kwa lipi?

Sharti langu basi ni hilo: ukitaka kubaki na "tamaduni tofauti", onyesha zinapoachana. Chukua vijiti vya kulia. China, Japani na Korea zote hula kwa vijiti, kwa hiyo anayesema tamaduni zao za mezani zinafanana hajadanganya. Lakini hebu sogea karibu uvitazame. Vya Kichina kwa kawaida ni virefu na ncha zake ni butu. Vya Kijapani ni vifupi zaidi, vimechongoka. Vya Kikorea mara nyingi ni vya chuma, tena bapa, na kando yake huwekwa kijiko, maana wali huliwa kwa kijiko. Baada ya maelezo kama hayo, "tofauti" limepata kazi, na anayelifuta aweke "mbalimbali" ndiye atakayekuwa ameharibu. Hata hivyo, mimi ningependelea kitenzi: tamaduni hizi zinafanana kwa kutumia vijiti, zinatofautiana kwa umbo lake.

Angalia pia neno linalofuata. Vijiti vya Japani ni tofauti NA vya China. Siku hizi nakuta "tofauti kutoka", na kila nikiliona najua mwandishi alikuwa anafikiri kwa lugha nyingine. Kuhusu "utofauti", sina ugomvi nalo sana, lakini "tofauti" tayari ni nomino. Kuliongezea u- ni kuvaa koti juu ya koti.

Hujauliza kuhusu umoja na wingi, ila umepatia, na wengi hapo hujikwaa. "Utamaduni wa Japani na China" husomeka kana kwamba ni utamaduni mmoja ambao nchi hizo mbili zinashirikiana. "Tamaduni za Japani na China" ni mbili, kila nchi na wake. Herufi chache tu, na hoja nzima imegeuka. (Neno lenyewe lina safari yake: Kiarabu tamaddun lina mzizi mmoja na madina, yaani mji, na Waarabu wa leo wakitaka kutaja utamaduni husema thaqafa. Kiswahili kimelichukua neno la mjini kikampa na mtu wa shamba.)

Usichanganye pia "kufanana" na "kulingana". Kufanana ni kwa sura au tabia, kulingana ni kwa kipimo au kiwango. Mapacha hufanana hata kama mmoja ni mrefu kuliko mwenzake. Tamaduni nazo hufanana. Ukiandika kwamba zinalingana, msomaji atauliza umezipima kwa rula gani.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Wanafunzi wa nchi mbalimbali walieleza tamaduni zao." Kisha sentensi inayofuata itaje tofauti mojawapo waliyoieleza.