Milioni kumi mnazosema nimelipwa, na hiyo karatasi uliyopewa usaini

Baba, mwana wa dadangu, nimesikiliza ile sauti yako ya simu mara tatu. Ya kwanza nlikuwa kwenye basi sikusikia vizuri, ya pili nikalia kidogo, ya tatu nikakasirika, kwa hivyo ukiona naandika kwa ukali ujue ni ile ya tatu ndiyo iliyobaki.

Umeniambia mambo mawili kwa pumzi moja. Kwamba umeanguka kutoka juu ya paa ukiezeka makuti kwenye nyumba ya wageni kule Casuarina, fito ikakatika, mguu umevunjika mahali pawili, na mwenye kazi amekutumia kijana na shilingi 15,000 na karatasi ya kusaini. Halafu eti Malindi nzima kuanzia Shela mpaka Maweni yajua mimi khalati yako nililipwa milioni kumi Uingereza kwa ajili ya vidole viwili, basi nikutumie nauli uje huku kwa wenye sheria, manake huku mtu akijikwaa tu analipwa.

Naanza na hilo la pili kwa sababu ndilo linaloniuma, la mguu wako nakuja, subiri.

Niliumia Novemba 2023. Kazi yenyewe sijawahi kuwaambia. Niliwaambia "niko mambo ya hospitali" nyinyi mkajaza wenyewe kwamba ni nesi, nami nikanyamaza kwa sababu ilinifaa. Si nesi. Nlikuwa kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya hospitali, Leicester, mashuka yanakuja kwa malori, mengine kwenye mifuko myekundu ndiyo yenye damu na choo, mnayapanga, yanafuliwa, kisha yanaletwa kwetu sisi wa pasi. Pasi yenyewe si hii ya mkono, ni marola ya moto marefu kama upana wa chumba, wewe washika pembe mbili mwenzako pembe mbili, mwailisha mashine, yainyonya shuka. Mbele yake kuna ubao, mkono ukiugusa mashine inasimama yenyewe. Ubao wetu ulikuwa unasimamisha kazi kila saa bila sababu, hesabu ya siku haifiki, basi mtu akaubana kwa tepu ya buluu. Sote tuliiona ile tepu. Hakuna aliyesema, na mimi simo katika ambao wangesema, makaratasi yangu yalikuwa yanasubiri kuhuishwa na nilikuwa naogopa hata kuomba likizo.

Shuka moja lilikuwa na fundo. Nikalivuta, likanivuta.

Cha shahada na cha kati, mkono wa kushoto. Sitaki kueleza zaidi. Nitakwambia tu yaliyofuata: nimekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono uko chini ya maji ya bomba, msimamizi akaja na fomu, akanisomea mbiombio, akanipa kalamu. Mkono wa kulia ulikuwa mzima, nikasaini. Nilikuja kujua mwezi mzima baadaye kwamba nimesaini kuwa sikufuata mafunzo niliyopewa. Mafunzo gani? Nilipewa glavu na ufunguo wa loka.

Haya, hiyo Uingereza ya kulipwa kwa kujikwaa. Kwa sheria ya wakati ule siku 3 za kwanza za ugonjwa hulipwi chochote, kisha unapewa pauni 109.40 kwa wiki, mwisho wiki 28. Chumba changu ni pauni 450 kwa mwezi. Wiki nne za ile pesa ni 437.60. Kodi haijatimia na sijanunua hata mkate, na mwezi ule ule mamako akaniandikia ada ya mdogo wako, nikaituma. Nilikopa nikaituma. Niliona aibu kusema nimeumia kwa kazi ambayo hamkujua ninaifanya.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kigujarati. Wahindi wengi wa umri wake Leicester walipitia kwetu Afrika Mashariki, yeye alizaliwa Jinja, familia yao ikafukuzwa na Amin 1972, Kiswahili chake kimevunjika vunjika lakini kipo. Akanong'ona, "Dada, mimi iko na picha ya ile tepu, wewe nyamaza." Aliipiga kabla msimamizi hajaibandua. Ile picha ndiyo kesi yangu yote, baba, bila ile picha ningekuwa mwanamke aliyesaini kuwa hakufuata mafunzo.

Wanasheria wa usiposhinda hulipi wapo, kweli, ila ukishinda anaweza kukukata mpaka asilimia 25. Una miaka 3 ya kufungua kesi. Na hupigani na bosi, unapigana na bima yake, manake sheria ya 1969 inamlazimisha kila mwajiri awe na bima ya wafanyakazi, na bima haina haraka, wewe ndiye mwenye kodi ya mwisho wa mwezi. Barua yao ya kwanza ilisema kosa ni langu, wakaambatisha na fomu yenye saini yangu. Ya pili ikasema pauni 3,500. Nilitaka kuzichukua, wallahi nilishika simu, wakili akaniambia ngoja. Nikapelekwa kwa daktari ambaye si wa kunitibu, ni wa kuandika ripoti, akanikunja vidole dakika 20 akiandika. Miezi 20 tangu niumie tukamaliza kwa pauni 9,000. Toa 2,250 za wakili, toa bima ya kesi, ile ya kukulinda ukishindwa, nikabaki na 6,400.

Ndiyo, ukizigeuza shilingi inapita milioni moja kidogo. Basi msianze kuniapia kwamba mlisema kweli. Ni milioni moja, na sifuri iliyoongezwa naijua imetoka kwa mjomba wako, manake yeye ndiye niliyemwambia.

Na zilienda wapi? Karibu nusu madeni. Na pauni 3,000 nikamtumia huyo huyo mjomba aninunulie kiwanja karibu na Maweni, siku moja nirudi nisilale kwa watu. Sikuomba sachi ya ofisi ya ardhi, yaani waangalie kiwanja kimeandikwa jina la nani, kwa sababu kumwambia kakangu "nionyeshe hati kwanza" ni kama kumwita mwizi mbele ya watu. Akaniletea picha ya makubaliano, mzee wa mtaa, mashahidi wawili, saini zimejaa, nikafurahi nikaweka simu chini. Nilipokuja kuyasoma kwa utulivu yanasema nyumba. Nyumba, nyumba, nyumba. Neno ardhi halimo hata mara moja. Nyumba bila ardhi, ile ile yetu ya pwani, mwenye kuta mwingine mwenye kiwanja mwingine, kodi ya kiwanja kila mwezi, na siku mwenye kiwanja akitaka pake unabomoa. Mimi nimezaliwa ndani ya nyumba kama hiyo! Mamangu alikuwa akiniambia nipeleke kodi ya kiwanja nikitoka chuoni. Na bado sikusoma. Mjomba wako si mwizi, usimpelekee maneno, naye alidhani amenifanyia jambo. Lakini ukinunua hata banda la kuku Malindi, fanya sachi kwa namba ya hati kwanza, hata muuzaji akiwa ni mimi.

Sasa mguu.

Usisaini. Usisaini. Hiyo karatasi hujanitumia lakini naijua, itasema umepokea malipo kamili na huna dai tena, na chini kuna nafasi ya kidole gumba kwa asiyejua kuandika. Elfu 15 zichukue kama ni za hospitali, mguu unataka eksirei na plasta haijilipii, lakini uandike wewe kwa mkono wako: nimepokea 15,000 za matibabu, tarehe, basi. Akikataa zirudishe. Au usizirudishe, sijui, mimi ningekuwa na njaa yako ningezila, ila nisingesaini ile ya kwake.

Kuna sheria ya Kenya ya fidia ya kazini, ya 2007, wenyewe wanaiita WIBA. Hapo mtaani mtu atakwambia haikuhusu kwa sababu wewe ni kibarua huna mkataba. Mwongo. Makubaliano ya mdomo ni mkataba, na ushahidi wako uko kwenye simu: zile meseji za M-Pesa za kila Jumamosi anazokutumia mshahara. Usizifute, piga picha zote, mtumie mamako na mimi, simu ya Malindi huanguka baharini siku unayoihitaji. Andika majina ya wenzako waliokuwa juu ya paa, na mmoja aende akapige picha ile fito iliyokatika kabla hawajaichoma moto kupikia chai. Leo. Si kesho.

Kisha umpe mwajiri taarifa ya ajali, ya mdomo inakubalika lakini ya maandishi ni bora, ubaki na nakala. Yeye ana siku 7 za kuripoti kwa ofisi ya usalama na afya kazini ya serikali. Asiporipoti ripoti mwenyewe, nenda ofisi yao hata ikiwa ni Mombasa, mamako akushike mkono kwenye matatu. Dai liingie ndani ya miezi 12 tangu siku uliyoanguka, usinihesabie miaka 3 ya huku, kwenu ni miezi 12 na wewe nakujua kwa kuahirisha. Daktari atajaza fomu aseme umepoteza asilimia ngapi.

Hapo ndipo nataka ushike kalamu. Sheria inahesabu mshahara wa miezi 96 kwa aliyeharibika kabisa, na wewe unapata asilimia yako ndani ya hapo. Unalipwa 600 kwa siku, siku 26, ni 15,600 kwa mwezi. Mara 96 ni 1,497,600. Daktari akisema mguu umebaki na ulemavu wa asilimia 10 tu, ni 149,760. Na hapo hujaongeza malipo ya muda ambao huwezi kufanya kazi, ambayo yanaweza kwenda mpaka miezi 12, wala matibabu ambayo ni juu yake. Sasa itazame tena ile elfu 15 na kijana aliyeileta kwa bodaboda.

Mguu ukipona sawasawa asilimia itakuwa ndogo au haitakuwepo, sikudanganyi. Niombe Mungu upone au usipone, hata sijui dua gani, astaghfirullah, upone.

Kortini usikimbilie. Kuna vijana huzunguka wodini wakiandikia watu kesi, "lete elfu 5 ya kufungua faili", uwafukuze. Mahakama ya Juu ilishasema Desemba 2019 kwamba ajali ya kazini inaanzia kwa mkurugenzi wa hiyo ofisi ya usalama kazini, sio kwa hakimu. Usiporidhika na uamuzi wake una siku 60 za kupinga, hapo sasa mtafute wakili, wa ofisini mwenye mlango na kibao, nami nitachangia. Na ile fomu ya polisi, P3, achana nayo, hiyo ni ya waliopigwa na waliogongwa barabarani, wewe umegongwa na makuti.

Mwenye kazi usimtukane. Ni mtu wa mtaa, mtakutana msikitini Ijumaa, na sheria inamtaka awe na bima, kwa hivyo muulize kwa upole bima yake ni ya kampuni gani. Ukimwona anabadilika rangi ujue hana, na asiye na bima ndiye mwenye haraka ya saini.

Kuhusu kuja: usije. Usije na mguu huo, usije kwa ajili ya "wenye sheria", sheria umeiona hapo juu, ni picha ya tepu na miezi 20 ya kukopa. Asubuhi za Januari kidole changu cha shahada kinageuka rangi ya wino, hakikunji, kifungo cha koti nakifunga kwa meno kwenye kituo cha basi na wazungu wanatazama pembeni kwa adabu. Chapati sijasukuma miaka miwili. Lakini nikikwambia baki, nawe utaniuliza mbona wewe hujarudi, na jibu sina. Ukipata njia ya halali, ya masomo au ya kazi iliyoandikwa kazi gani na mshahara gani, njoo, utalala kwenye zulia langu mpaka usimame, sitakufukuza. Ukiuza pikipiki ya babako kumpa ajenti wa Mombasa sikupokei simu. Nitapokea. Lakini nitakutukana kwanza.

Shifti yangu inaanza saa nne usiku ya huku, kwenu ni saa saba, na simu inakaa kwenye loka mpaka asubuhi. Kwa hivyo nitumie picha ya hiyo karatasi sasa hivi, iwe na mwanga wa kutosha, na uipige na upande wa nyuma. Yangu ilikuwa na maandishi nyuma.