Kwa Mwalimu Anayeanza Kufundisha Kani Nne za Msingi

Mwalimu anayepewa kwa mara ya kwanza darasa la wanafunzi wasiosomea fizikia, wawe wa historia, biashara au sheria, hushawishika kuanza na jedwali: mvutano, sumakuumeme, kani kali ya nyuklia na kani dhaifu ya nyuklia, kila moja na ukubwa wake na masafa yake. Nakushauri uliweke jedwali hilo mwishoni, au uliache kabisa. Wanafunzi hawa hulikariri upesi na kulisahau upesi, kwa kuwa linajibu maswali ambayo bado hawajajiuliza.

Waombe kwanza wataje kila kinachosukuma au kuvuta ambacho wamewahi kukihisi: msuguano, mkazo wa kamba, sakafu inayowabeba, msuli unaoinua mkono. Kisha waonyeshe kwamba, ukiondoa uzito, orodha yote hiyo chanzo chake ni sumakuumeme, yaani chaji za elektroni na za viini vya atomi zinazovutana na kusukumana. (Kuhusu sakafu, mwanafizikia makini ataongeza kanuni ya Pauli inayozuia elektroni mbili kuwa katika hali moja, ieleze ukiulizwa, lakini usiianzishe wewe.) Mimi hutumia muda mwingi zaidi hapa, kwa sababu mwanafunzi ambaye hajaona kwamba msuguano na umeme vina asili moja hataona maana ya kuita kani yoyote ya msingi.

Baada ya hapo lete sumaku ndogo na pini. Sumaku hiyo inapoinua pini, inaishinda Dunia nzima inayoivuta kuelekea chini. Kati ya protoni mbili, msukumo wa umeme huuzidi mvutano takriban mara 10 kwa kipeo cha 36, na kwa kuwa kipeo hakiwaambii wengi wao kitu, andika ubaoni 1 ikifuatwa na sifuri 36, moja baada ya nyingine. Sasa swali linajileta lenyewe, na lisipoulizwa uliulize wewe: iwapo mvutano ni hafifu kiasi hicho, mbona ndio unaotawala sayari na nyota? Chaji ziko za aina mbili, nazo hufutana karibu kabisa katika vitu vikubwa. Masi ni ya aina moja tu, hivyo mvutano wake hujumlika bila kufutwa.

Kani kali nayo huingia kwa hesabu moja. Protoni mbili zikitenganishwa na umbali wa sehemu moja ya trilioni ya milimita, ambao ndio upana wa mambo ndani ya kiini, husukumana kwa takriban nyutoni 230, sawa na uzito wa mzigo wa kilo 23. Darasa likishangaa kwamba kiini hakisambaratiki, taja kani kali, sema kwamba haifiki mbali zaidi ya kiini, na usikawie kwenye kwaki na gluoni, chembe zilizomo ndani ya protoni na nyutroni.

Kani dhaifu ndiyo inayowasumbua walimu wapya, kwani wao huitafutia mfano wa kusukuma au kuvuta. Ieleze kwa kazi yake, ambayo ni kubadilisha chembe. Kwa njia yake nyutroni hugeuka protoni, na kaboni-14, aina ya kaboni yenye mnururisho inayotumiwa kukadiria umri wa mabaki ya kale, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi, jambo ambalo wanafunzi wa historia hulipokea kwa hamu.

Jihadhari na ule mfano maarufu wa watu wawili wanaorushiana mpira juu ya barafu, unaotumiwa kueleza kani kama chembe zinazobadilishana chembe nyingine. Unaeleza kusukumana, lakini mwanafunzi mwerevu atauliza mpira unawezaje kuwavuta, na mfano hauna jibu.

Atakayeuliza kama kani ni nne kweli anastahili jibu la wazi. Katika miaka ya 1860 mwanafizikia Maxwell aliunganisha umeme na sumaku. Baadaye wanafizikia Glashow, Salam na Weinberg, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1979, walionyesha kwamba sumakuumeme na kani dhaifu zina mzizi mmoja, na chembe walizozibashiri, W na Z, zikapatikana mwaka 1983 katika CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyoko karibu na Geneva. Mvutano bado haujaunganishwa na nyingine.

Katika mtihani, usiombe majina manne. Uliza Jua lingekuwaje iwapo kani dhaifu ingekoma. Anayejibu kwamba protoni zisingeweza tena kugeuka nyutroni, na hivyo muunganiko wa haidrojeni ungesimama, mpe alama zake zote hata kama amesahau masafa.