Kazi ya uuguzi Uingereza: je, nimlipe wakala?

SWALI: Assalamu alaykum, Bwana Mhariri. Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nafanya kazi Chake Chake. Kuna wakala aliyenitafuta kwa WhatsApp na anataka shilingi milioni tatu ili anipatie kazi ya hospitali Uingereza. Nimeshamtumia nakala ya pasipoti. Hata hivyo, barua aliyoniletea inasema kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Je, nimlipe?
Muuguzi, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yetu. Usimlipe hata shilingi moja. Tangu tarehe 22 Julai 2025 Uingereza imefunga njia ya kuajiri wahudumu wa wazee kutoka ng'ambo, kwa hiyo barua hiyo, hata ingekuwa na mhuri wa kweli, haiwezi kukupatia viza. Tena, Tanzania imo katika orodha ya mwaka 2023 ya Shirika la Afya Duniani, yenye nchi 55 ambazo upungufu wa wahudumu wa afya unatia wasiwasi, na kanuni za Uingereza zinawakataza waajiri na mawakala kwenda kuwasaka wauguzi katika nchi hizo, kama zinavyokataza kumtoza muombaji ada ya kutafutiwa kazi. Sisi wa visiwani, tunaojua wodi inavyokuwa anapokosekana muuguzi mmoja wa zamu ya usiku, tunaelewa kwa nini orodha hiyo ipo.

Kanuni hizo, hata hivyo, hazikuzuii wewe kuomba mwenyewe, na hiyo ndiyo njia ninayokushauri. Muuguzi hatambuliwi Uingereza mpaka asajiliwe na baraza lao la wauguzi na wakunga, NMC, ambalo litataka Baraza la Wauguzi na Wakunga Zanzibar lithibitishe usajili wako moja kwa moja, bila karatasi kupitia mikononi mwako wala mwa wakala.

Kizingiti kinachowakwamisha wengi ni Kiingereza. Katika mtihani wa IELTS unatakiwa upate 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Nawe jiandae zaidi kwa kuandika, kwani kuijua kazi vizuri hakutoshi pale unapotakiwa kujenga hoja kwa maandishi huku saa inakwenda. Wapo wanaopendelea OET, ambao maswali yake yanahusu wagonjwa na hospitali, na NMC inaukubali pia.

Baada ya hapo kuna mtihani wa kompyuta wa hesabu za dawa na uuguzi, kisha mtihani wa vitendo, OSCE, unaofanyika Uingereza kwenyewe, ambapo muombaji hupitia hatua 10 za kupimwa mbele ya msimamizi. Hapo hata kuosha mikono na kumuuliza mgonjwa jina lake kabla ya kumpa dawa kunahesabiwa, kwa hiyo anza leo kuyafanya hayo kwa kila mgonjwa wako.

Kazi zenyewe hutangazwa wazi na hospitali za serikali ya huko, na serikali hiyo huchapisha orodha ya waajiri wenye leseni ya kuleta wageni. Mwajiri asiyekuwamo humo, achana naye.

Ujumbe wa wakala huyo usiufute. Uhifadhi pamoja na namba aliyotaka umtumie fedha, na upeleke kituo cha polisi cha Chake Chake, ueleze pia kwamba ana nakala ya pasipoti yako.