Kwa nyie munaoanza kazi ya afya ya akili Bukavu: depresioni inakamata mwili na fikra, si moyo peke yake

Nawaandikia nyie munaotoka shule ya saikolojia ama ya uuguzi, munaanza stajie kwenye vituo vyetu vya afya huku Bukavu, iwe Kadutu, Bagira ama Panzi. Nimekaa miaka mingi kwenye kazi hii ya kusikiliza watu, na kuna mambo juu ya depresioni (sonona) ambayo darasani yanapita haraka sana, alafu ukifika mbele ya mgonjwa unakuta ndiyo yenyewe.

Kwanza, usingoje mgonjwa akuambie ana huzuni. Wengi hawasemi. Atakwambia "kichwa inaniuma, moyo inapiga mbiyo, usingizi imekimbia, mwili yote imechoka". Mama anafika ameshakunywa dawa ya malaria, ameshapimwa minyoo na tifoide, karatasi za labo zimejaa kwenye sashe, na kila pahali wamemwambia hana kitu. Tafadhali usiwe mtu mwengine wa kumwambia hana kitu. Chukua vile vigezo 9 munavyosoma vya depresioni kubwa, uhesabu mwenyewe: vinavyosema juu ya hisia ni 2 tu, huzuni na kupoteza hamu. Usingizi, chakula, nguvu na ule uzito wa kutembea na kuongea (ama kutotulia) ni vya mwili. Kushindwa kufikiri vizuri, kujiona hufai na kuwaza kifo ni vya fikra. Inatakiwa angalau 5, karibu kila siku, kwa wiki 2 ao zaidi, na kimoja kiwe huzuni ama kupoteza hamu, na maisha yake yawe yameyumba kweli. Kwa hiyo ukiuliza huzuni tu umeacha sehemu kubwa ya ugonjwa nje ya mlango.

Juu ya ubongo, wengi munakuja na jibu moja: serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, imepungua. Haitoshi. Dawa ya depresioni kama fluoksetini inazuia serotonini isirudishwe ndani ya seli mapema sana, ndani ya masaa, lakini mgonjwa anaanza kupata nafuu baada ya wiki kadhaa, sasa kama shida ingekuwa upungufu tu, mbona asipone siku ile ile? Na mwaka 2022 Joanna Moncrieff, daktari wa akili wa Uingereza, na wenzake walipitia tafiti nyingi pamoja, hawakuona ushahidi unaoeleweka kwamba wenye depresioni wana serotonini kidogo. Hiyo haimaanishi dawa hazisaidii, zinasaidia wengi hasa wenye hali kali, ila usimwambie mgonjwa "umepungukiwa na kitu kwenye ubongo" juu si kweli tunavyojua leo.

Yale yanayoonekana ni mengi na yanaingiliana. Kuna ile njia ya stresi, toka ubongoni mpaka tezi za juu ya figo, ambayo kwa wagonjwa wengi wenye hali kali inabaki imewashwa na kortizoli, homoni ya stresi, inakuwa juu. Hipokampi, sehemu ya ubongo inayotumika sana kwa kumbukumbu, kwa wastani inaonekana ndogo kidogo kwa watu ambao depresioni imewarudilia mara nyingi. Kuna pia uvimbe wa ndani ya mwili: wagonjwa wa homa ya ini C waliotibiwa na interferoni, dawa inayoamsha kinga ya mwili, wengi waliingia depresioni na kabla ya dawa hawakuwa nayo. Na kuna urithi, tafiti za mapacha zinauweka karibu asilimia 37, maana yake sehemu kubwa inayobaki ni maisha yenyewe, na maisha ya huku munayajua, vita, kukimbia, kufiwa, kubakwa, kukosa kazi.

Mbele ya yote angalia mwili. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, VVU, kifua kikuu, mama aliyezaa juzi, pombe. Uliza dawa anazokunywa, efavirenzi, dawa ya VVU, kwa mfano inaweza kusumbua usingizi na hisia za mtu. Alafu uliza kama amewahi kupitia kipindi cha nguvu nyingi kupita kiasi, halali na hachoki, anaongea bila kusimama, anagawa pesa. Ukimpa mtu wa namna hiyo dawa ya depresioni peke yake unaweza kumrudisha kwenye kipindi kile cha nguvu nyingi.

Sasa nifike pale ninapotaka mukae zaidi, fikra. Aaron Beck, daktari wa akili kule Philadelphia, Amerika, alionyesha toka miaka ya 1960 kwamba mgonjwa anaona vibaya vitu vitatu pamoja: yeye mwenyewe, dunia yake, na kesho yake. Lakini mbali na yale anayowaza, hata namna ya kuwaza inachoka. Mama muuza sambaza (samaki wadogo wa ziwa), mtu aliyekuwa anarudisha chenji bila kuangalia, sasa anahesabu franka mara tatu na bado anakosea, anasahau zamu yake ya likelemba (mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu), nyumbani wanasema amekuwa mvivu, kanisani wanasema imani imepungua. Yeye anawaamini wote. Ukimwambia hesabu kumchanganya ni sehemu ya ugonjwa, kama vile usingizi kukimbia, utaona mabega yanashuka.

Kumbukumbu nayo inabadilika. Muulize "mara ya mwisho ulifurahi lini?" atajibu "mimi sijawahi kufurahi". Hadanganyi. Wanasaikolojia wameona toka miaka ya 1980 kwamba mwenye depresioni anapoombwa tukio moja analeta jumla, siku zote, kila mara, hakuna. Kwa hiyo shusha swali: "Jana asubuhi, ulipoamka, ulifanya nini?" "Nilikaa." "Wapi?" "Ku mlango." "Nani alipita?" Hapo anakumbuka mtoto wa jirani alikuja kumsalimia na alimpa kiazi. Usikimbilie kumwambia unaona, una furaha! Andika tu kwenye kaye (daftari), rudini kwayo wiki ijayo.

Na yale mawazo yanayozunguka usiku, kwa nini mimi, nilikosa nini, ni pikipiki iliyozama kwenye matope ya mtaa wa Essence, moteri inalia, tairi inazunguka, haisongi. Kubishana nayo hakusaidii sana mwanzoni. Kinachosaidia ni kitu kidogo cha kufanya: kesho saa nne utafika kwa Mama Fulani sokoni, utakaa nusu saa, hata bila kuuza. Hamu haiji kwanza, inafuata nyuma ya kitendo, hilo mumweleze wazi juu yeye anangoja hamu irudi ndipo atoke.

Musifikiri haya ni ya Ulaya. Mwaka 2013 ilichapishwa tafiti ya vijiji vya huku kwetu mashariki mwa Kongo, wamama waliopitia ubakaji walifanya tiba ya fikra kwa kikundi, ikiongozwa na wasaidizi wa hapa hapa, na wamama wengi hawakujua kusoma. Walipata nafuu kuliko wale waliopewa msaada wa kawaida, na miezi 6 baadaye nafuu ilikuwa bado ipo.

Juu ya kujiua, uliza. Wazi, kwa sauti ya kawaida: "Mama, umeshafikiri kujiondolea maisha?" Kuuliza hakumpi wazo hilo. Akisema ndiyo, uliza kama ana mpango, usimuache peke yake, ita mtu wa familia anayemuamini, na mpeleke kwa daktari ama Sosame, hospitali ya akili ya hapa Bukavu, siku ile ile. Amitriptilini, dawa ya depresioni ambayo ni rahisi kupatikana huku, ni hatari ikinywewa nyingi, inagonga moyo, kwa hiyo toa vidonge vya siku chache na mtu mwengine avitunze.

Na mwambie mapema kwamba dawa inakausha mdomo ama kuvuruga tumbo mbele ya kusaidia, na akipona asiache kesho yake, anaendelea miezi 9 mpaka 12 bila dalili, alafu anapunguza polepole na daktari. Andika randevu kwenye karatasi, mpe na mtu wa nyumbani anayemwangalia, chukua namba mbili za telefone. Asipokuja, usiseme hana nia. Amesahau, ama asubuhi ile hakuweza kutoka kitandani. Piga simu siku ile ile, na kama hashiki, piga ile namba ya pili.