Tumechanga milioni moja na nusu, tununue maiki gani?

SWALI: Kaka shikamoo. Sisi ni bendi ya vijana watano hapa Uyole, Mbeya, tunapiga harusini na kanisani, tuna dramu, besi, solo, kinanda na mwimbaji. Studio wanatutoza kwa wimbo na hela inaisha albamu haijafika hata nusu, kwa hiyo tumechanga milioni moja na nusu turekodi wenyewe kwenye chumba nyumbani kwa mwenzetu. Laptopu tunayo. Tumeona seti ya maiki saba za dramu bei poa na mixa ya USB ya chaneli nane. Tuchukue? – Mpiga solo, Uyole

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Msichukue, na nianze na hiyo mixa maana ndo itawaumiza zaidi. Mixa nyingi za bei nafuu zenye USB zinapeleka kwenye kompyuta chaneli 2 tu, yaani kila kitu kinafika kimeshachanganywa, kushoto na kulia basi, sasa baadae mkikuta dramu zimemfunika mwimbaji hamna cha kufanya zaidi ya kurudia wimbo mzima. Mnachohitaji ni saundi kadi ya nje, kile kiboksi kinachounganisha maiki na laptopu, ambayo kila maiki inaingia kwenye trak yake, yaani inarekodiwa peke yake. Angalieni Behringer UMC404HD, ina matundu 4 ya maiki na inatoa ule umeme wa volti 48 unaohitajika na maiki za kondensa, zile zinazonasa hata sauti ndogo. Focusrite Scarlett 2i2 nayo nzuri sana, wengi watawatajia hiyo, ila ya maiki ni 2 tu, dramu zitawabana.

Mtaniuliza mbona 4 na sisi tuko watano. Hamrekodi wote kwa mpigo! Kwanza solo na mwimbaji waweke kielelezo, yaani rekodi ya kuwaongoza wengine, huku metronomu (ile inayogonga mapigo ya wimbo) inagonga, halafu mpiga dramu na wa besi wapige pamoja wakisikiliza kielelezo kwenye hedifoni, maiki tatu kwenye dramu (moja ya mguu, moja ya sneya, moja juu inakamata zote) na besi inachomekwa moja kwa moja kwenye tundu la nne bila maiki yoyote. Ndo maana ile seti ya maiki saba haiwafai. Kinanda nacho kinachomekwa hivohivo. Mkimaliza hapo solo anarudia vizuri, sauti mwisho.

Kwa maiki zenyewe, mimi naamini dainamiki, zile zisizohitaji umeme huo, kwa chumba cha nyumbani. Kondensa ya bei rahisi inasikia kila kitu, jogoo wa jirani, bodaboda, mabati yakitanuka jua likipiga, na kwenye chumba kitupu sauti inarudi kama mko bafuni. Shure SM57 ipo tangu 1965 na SM58 tangu 1966 na mpaka leo zinafanya kazi kwenye dramu, ampu na sauti, huko Marekani moja ni kama dola 100. Chukueni moja halisi kati ya hizo na mbili za Behringer XM8500 ambazo bei yake ni ndogo sana ukilinganisha, zinawatosha kabisa kuanzia. Kuweni makini, SM58 feki zimejaa. Ile halisi ina gramu 298, nenda nayo hata kwenye mizani ya duka la jirani, ikiwa nyepesi sana iache hapohapo. Na mkipewa bei ya kushangaza jueni mnauziwa feki.

Hela inayobaki isiishie kwenye maiki ya nne, nunueni stendi imara, waya nzuri na hedifoni zinazofunika sikio lote, maana zile za wazi zinavujisha metronomu na inaingia kwenye maiki. Saundi kadi hiyo ina tundu moja la hedifoni, kwa hiyo mtafute na kigawanyio kama Behringer HA400, kinatoa nne. Programu ya kurekodia tumieni Reaper, unaijaribu siku 60 bure, leseni dola 60, na haisumbui laptopu ndogo.

Chumba sasa. Tundikeni mablanketi mazito, nyie watu wa Mbeya mnayo, na magodoro nyuma ya mwimbaji, kisha mgongo wa maiki uelekee dirishani maana upande huo ndo haisikii vizuri. Ila mvua kwenye mabati hakuna blanketi litakaloizuia, kwa hiyo dramu na sauti zipigeni Juni mpaka Agosti kukiwa kikavu, na kwa sababu ya ile baridi yenu gitaa likae chumbani muda kidogo ndo mtuni, na mtuni tena kila baada ya wimbo. Mkisikia mlio wa nzinzinzi chomoeni chaja, laptopu itumie betri. Levo, yaani ukubwa wa sauti inayoingia, isivuke desibeli -12 kwenye kipimo cha programu, mkirekodi kwa biti 24 (mnachagua kwenye programu) hamna haja ya kujaza mpaka taa nyekundu iwake.

SWALI: Sisi kwaya ya Mafinga tuna simu tu, tufanyeje? – Mwalimu wa kwaya

JIBU: Mwalimu, simu iwekeni kwenye stendi usawa wa vichwa, hatua tatu nne mbele ya kwaya, kinanda kisogee nyuma na kipunguzwe. Washeni ndege mode simu isiite katikati. Rekodini sekunde thelathini, sikilizeni kwa hedifoni, wenye sauti kali warudi nyuma hatua moja, rudieni mpaka waimbaji wa besi wasikike.