Mfadhili wa misimu miwili: tusajili walioiva au tulee vijana? Majibu ya aliyeshika daftari la timu Moshi

Mtoa mada ameeleza kwamba timu ya mtaani kwao, hapa Arusha, imepata mfadhili aliyeahidi kuihudumia misimu miwili. Kamati imegawanyika. Nusu wanataka wasajiliwe wachezaji walioiva ili timu ipande kutoka ligi ya wilaya kwenda mkoa na kuendelea. Nusu wanataka fedha hizo ziende kwa vijana wao wa chini ya miaka 17. Waliochangia kabla yangu wamejibu kwa Simba, Yanga, Chelsea na Arsenal. Nitazigusa, ila naanza na niliyoyaona mwenyewe. Kabla sijahamia Sombetini nilikuwa mweka hazina wa timu ya daraja la chini Moshi, kuanzia 2013 hadi 2019.

Sisi tulianza na njia ya kwanza. Mfadhili wetu alikuwa mfanyabiashara mwenye roho nzuri kweli. Tukaleta wachezaji tisa: wanne kutoka Dar es Salaam, watatu Tanga, wawili Singida. Mtaani wakaitwa mamluki ingawa leseni zao zilikuwa halali, na jina hilo lilitukera sana. Tukawapangia nyumba Pasua, tukaelewana na mama lishe wa jirani: chai asubuhi, ugali au wali mchana na usiku, hesabu mwisho wa mwezi. Uwanjani tulitisha aisee. Namba tisa wetu, yaani mshambuliaji wa kati, alishacheza daraja la juu, na ilionekana. Mpira ukishatua kifuani kwake beki hana tena la kufanya. Tukatwaa ubingwa wa wilaya tukaenda mkoa.

Mzunguko wa pili wa ligi ya mkoa, biashara ya mfadhili ikayumba. Hakutukimbia, alituita akatueleza ukweli. Posho ya kila wiki ikawa ya wiki mbili, kisha ikawa ahadi. Jumatatu moja tunafika mazoezini tunakuta wanne tu kati ya wale tisa. Watano walipanda basi alfajiri. Siwalaumu, walikuwa na watoto wa kulisha. Tulimaliza ligi na wachezaji kumi na wawili, wawili kati yao makipa. Deni la mama lishe lilifika laki sita na themanini. Daftari lake ninalo mpaka leo, na kila mwisho wa mwezi nilikwenda kwake na chochote tulichochanga mpaka tukalimaliza mwaka 2017.

Deni halikuniuma kama kikao cha kufunga msimu. Tulikaa tukahesabu kilichobaki: jezi seti moja isiyotimia, nyavu, mipira minne. Mchezaji wa kuanza naye msimu unaofuata hakuwepo hata mmoja. Tulikuwa na kombe la wilaya mezani na hatukuwa na timu.

Kikao hichohicho mzee mmoja wa kamati, mtu wa Kibosho, akatuuliza, "Wanangu, mkipanda mche wa kahawa leo mtavuna lini?" Tukamjibu miaka mitatu, pengine minne. Akauliza tena, "Na hiyo miaka mitatu nyumbani mnakula nini?" Aliyekulia kihambani, shamba la nyumbani la Wachaga, anajua jibu. Ndizi zimesimama juu zinatoa kivuli, chini kuna maharage na magimbi, na mche wa kahawa unakua taratibu katikati ya chakula. Hakuna anayeng'oa migomba yote apande kahawa tupu, na hakuna anayepanda maharage peke yake akatarajia kusomesha mtoto. Mzee akatuambia tutafute migomba minne, mingine yote iwe miche.

Migomba tulikuwa nayo, ila hatukuwahi kuiona kwa sababu ilikuwa ya hapahapa. Kipa wa miaka 33. Beki wa kati, fundi wa kuchomelea vyuma. Namba sita, yaani kiungo mkabaji, dereva wa bodaboda. Namba tisa, mwalimu wa shule ya msingi. Wote wanalala kwao na wanakula kwao, hawahitaji kambi. Tukawazungushia vijana wa miaka 15 hadi 18 waliokuwa wakicheza chandimu kila jioni.

Msimu wa kwanza tuliumia. Himo tulipigwa tano bila. Bao la tatu lilitokana na beki wetu wa kushoto, kijana wa kidato cha tatu, kurudisha pasi fupi kwa kipa. Alikaa chini akajifunika uso kwa jezi. Yule namba sita wa bodaboda akatembea kutoka katikati ya uwanja, akamwinua kwa mkono, na kwa dakika zote zilizobaki kila akipata mpira alimpasia yeye kwanza. Kila mpira. Sidhani kama kuna kocha mwenye vyeti angeweza kumtendea mtoto yule jambo kubwa kuliko lile. Ndiyo maana napinga wanaosema mchezaji mkubwa huziba nafasi ya kijana. Inategemea ni mkubwa gani. Wa kambi hucheza ili aonekane aondoke. Wa mtaani anajua kesho atakutana na mama wa yule kijana sokoni.

Na hapa ndipo natofautiana na karibu kila aliyeandika hapa, maana wengi wamesema mashabiki wa Tanzania hawana subira. Baada ya ile tano bila nilidhani uwanja utakuwa mtupu. Jumapili iliyofuata walikuja watu wengi kuliko msimu wa ubingwa. Mama wa yule beki anauza mboga soko la Mbuyuni. Siku hiyo alifunga meza mapema akaja na wenzake. Tulifungwa mbili moja, na watu wakakaa hadi filimbi ya mwisho wakiwaita vijana kwa majina ya nyumbani. Mamluki walipokuwa wakifungwa, watu waliondoka mapumziko. Watu wale wale, mtaa ule ule. Shabiki anavumilia sana kufungwa na mtoto wake. Kufungwa na mgeni aliyelipwa ndiko asikokuvumilia, na ana haki. Wakosefu wa subira mara nyingi ni sisi wa kamati na mwenye fedha, kisha tunawasingizia mashabiki.

Msimu wa tatu tulirudi mkoa, na kumi kati ya wachezaji kumi na wanane walikuwa wamezaliwa kata yetu.

Nisieleweke kwamba vijana ni njia ya bei rahisi. Anayesema hivyo hajawahi kuwalea. Mguu wa kijana wa miaka 15 haukai saizi moja. Nilikuwa mteja wa viatu vya mtumba soko la Memorial hadi wauzaji wakawa wananiwekea. Kuna nauli, kuna uji baada ya mazoezi, kuna mitihani ya kidato cha nne kila Novemba ambapo unampoteza mchezaji mwezi mzima, na lazima umpoteze, ukimzuia mzazi hatakupa tena mtoto. Kuna kocha. Kocha wa vijana ndiye mtu wa kwanza kulipwa na wa mwisho kukatwa, kwa sababu akiondoka vijana wote wanaondoka naye.

Kosa letu kubwa lilikuwa makaratasi. Tulikuwa na winga mmoja, tulimpata akiwa na miaka 13. Alipofika 17 akachukuliwa na timu ya Dar es Salaam. Tukamsindikiza stendi kwa furaha na begi jipya, hatukuandikiana kitu. Baadaye akasajiliwa nje ya nchi, na hapo ndipo nikaanza kuzisoma kanuni za FIFA za uhamisho. Kumbe klabu iliyomlea kijana ina haki zake uhamisho unapovuka mpaka. Ipo fidia ya malezi, anapoingia mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na katika kila uhamisho hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Upo pia mchango wa mshikamano: asilimia 5 ya ada ya uhamisho inagawanywa kwa klabu alizochezea kati ya miaka 12 na 23. Lakini haki hiyo inafuata kumbukumbu za usajili, na sisi miaka yake minne kwetu tulikuwa nayo vichwani tu. Hakuwa amesajiliwa kwetu hata siku moja. Hatukupata kitu, na sikuwa na wa kumlalamikia.

Sasa hizo timu kubwa mnazozitaja. Mmesema Yanga imethibitisha kwamba fedha inanunua ubingwa, kwa kuwa imetwaa ligi mara nne mfululizo, 2022 hadi 2025. Fedha ipo, sikatai. Lakini angalieni uti wa mgongo. Beki Mwamnyeto alitoka Coastal Union mwaka 2020, beki mwenzake Job akatoka Mtibwa Sugar mwanzoni mwa 2021, kipa Diarra na kiungo Aucho wakaja katikati ya mwaka huohuo. Kocha Nabi akaondoka 2023, Gamondi akaja na kuondoka Novemba 2024, makombe yakaendelea kwa sababu golini, nyuma na katikati watu walikuwa walewale. Wengi wanaita hiyo timu ya kununua. Mimi naona timu iliyonunua kisha ikakataa kubomoa. Na Job alilelewa Mtibwa, klabu iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara 1999 na 2000 na kulea vijana miaka yote, lakini ikashuka daraja 2024 kabla ya kurudi 2025. Kulea peke yake hakukulindi ikiwa kila unayemlea anaondoka na huna wazee wa kushikilia nyumba.

Simba nao walimaliza wa tatu 2024, wakasuka upya kikosi kwa vijana wengi chini ya Fadlu Davids, na Mei 2025 wakawa fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakafungwa na RS Berkane mabao matatu kwa moja kwa jumla. Kwa timu ya msimu mmoja ile ilikuwa kazi kubwa sana, na nilisikitika kuona wenzetu mitaani wakiita msimu ule wa hasara. Septemba kocha akaenda Morocco. Mradi wa muda mrefu ukikaa kichwani mwa mtu mmoja, mtu huyo akipanda ndege umekwenda naye.

Chelsea mnaitaja kama mfano wa haraka: kocha Tuchel kaja Januari 2021, Mei kabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya. Sawa. Lakini pasi ya bao la Havertz kwenye fainali ilitoka kwa Mason Mount, aliyeingia Chelsea akiwa na miaka sita, na beki wa kulia usiku ule alikuwa Reece James, mtoto wa akademi hiyohiyo. Kocha wa miezi minne alikuta miche iliyopandwa na wengine miaka kumi na mitano nyuma. Arsenal sina la kuongeza. Kocha wao Arteta alimaliza wa nane mara mbili kabla hajaanza kumaliza wa pili, na kwenye mabanda umiza ya kuonyeshea mpira Ngarenaro nilisikia akifukuzwa kila wikiendi.

Turudi kwako mtoa mada. Arusha tuna kiu, naielewa. Tangu JKT Oljoro ishuke Ligi Kuu 2014 tunakwenda uwanja wa Sheikh Amri Abeid kushangilia timu za mikoa mingine, na sasa uwanja wa Olmoti unajengwa kwa ajili ya AFCON 2027 na kila mtu anataka timu ya kuujaza. Moshi wenzetu walikuwa na Polisi Tanzania pale uwanja wa Ushirika kuanzia 2019, nayo ikashuka 2023. Kiu hiyo ndiyo itakayokusukuma usajili tisa wa nje kama sisi. Ukipanda haraka utakutana na safari za Songea, Geita na Mbeya, na basi linataka mafuta hata mfadhili akiwa ameyumba.

Fedha yako ya misimu miwili ningeigawa hivi. Kwanza mshahara wa kocha wa vijana, wa miaka yote miwili, uwekwe benki siku ya kwanza, usiguswe kwa usajili wala kwa kambi. Kisha wachezaji wazima wanne, watano wakizidi, na watafutwe ndani ya kata kabla ya kupiga simu Dar. Kipa, beki wa kati na namba sita ndio usiobahatisha. Winga mwache awe mtoto, akikosea mbele mnarudi kukaba tu. Vijana wote wasajiliwe rasmi mwaka huu, kuanzia wa miaka 12, na nakala za vyeti vya kuzaliwa zikae kwa watu wawili tofauti. Na mfadhili akae na kamati mbele ya wanachama, aulizwe kwa heshima, mwaka wa tatu nani atamlipa kocha? Mkikosa jibu siku hiyo, msisajili mtu hata mmoja wa kupangiwa nyumba.

Orodha ya vitu tunavyoweka kwenye faili la kila mtoto hapa Sombetini ninayo, ni karatasi moja. Niandikie faraghani nikutumie, na kama timu yenu ina mazoezi Jumamosi nitakuja niwaone hao vijana.