Milinganyo miwili haimaanishi kwamba jibu ni C

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Ninajiandaa kwa mtihani wa GMAT wa kujiunga na shule za biashara, na katika mazoezi ya utoshelevu wa taarifa, ambapo unaamua ni taarifa zipi zinatosha kujibu swali, nimekwama hapa: Mtu alinunua kalamu za shilingi 700 kila moja na madaftari ya shilingi 1,100 kila moja, je, alinunua kalamu ngapi? Taarifa ya kwanza inasema alitumia jumla ya shilingi 10,000. Ya pili inasema kalamu na madaftari vilikuwa 12 kwa jumla. Nilichagua C, yaani taarifa zote mbili zinahitajika kwa pamoja, kwa sababu herufi mbili, x ya kalamu na y ya madaftari, zinadai milinganyo miwili. Kitabu kinasema jibu ni A, yaani taarifa ya kwanza peke yake inatosha. Je, kimekosea? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Marahaba. Kitabu hakikukosea. Ukigawanya kila kitu kwa 100, taarifa ya kwanza inakupa 7x + 11y = 100, na kwa kuwa hakuna duka linalouza nusu ya kalamu, x na y lazima ziwe namba kamili. Anza na 100, kisha punguza 11 kila mara: 89, 78, 67, 56, 45, 34, 23, 12, 1. Katika orodha yote hiyo ni 56 pekee inayogawanyika kwa 7 bila baki, kwa hiyo madaftari ni 4 na kalamu ni 8. Taarifa ya pili, ikiwa peke yake, haimalizi swali; iliwekwa pale kumnasa mtu aliyezoea kuhesabu herufi.

Wala usitoke hapa ukidhani kwamba namba kamili hutosheleza kila mara. Badilisha jumla iwe shilingi 17,700 na idadi ya vitu iwe 23, na taarifa ya kwanza peke yake itakupa kalamu 19 na madaftari 4, au kalamu 8 na madaftari 11. Sasa taarifa ya kwanza imeshindwa, idadi ya vitu vyote ndiyo inayoamua, na C ndiyo jibu sahihi. Swali ni lile lile, maneno ni yale yale. Kilichobadilika ni tarakimu, na hakuna njia ya kulijua hilo isipokuwa kushika kalamu na kujaribu.

Kanuni uliyoitumia ninakutana nayo karibu kila wiki, mara nyingi kwa vijana waliolipia mafunzo ya muda mfupi yanayoahidi jibu ndani ya sekunde kumi. Mkufunzi anayefundisha «herufi mbili, milinganyo miwili, weka C, songa mbele» hafundishi aljebra, bali anauza mazoea ambayo watunga mtihani wanayafahamu vizuri na hutungia mitego yao juu yake. Kanuni hiyo ni kweli pale tu ambapo milinganyo yote miwili ni ya kipeo cha kwanza (haina x² wala xy), haisemi jambo moja kwa sura mbili, kama 2x + 3y = 12 na 4x + 6y = 24, na hakuna sharti jingine juu ya namba zenyewe.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea kanuni hiyo ikiwa imechapwa kwenye kadi. Nilimwandikia x + y = 5 na xy = 6, nikamwuliza thamani ya x. Akajibu mara moja kwamba taarifa zinatosha, ilhali x inaweza kuwa 2 na inaweza kuwa 3. Nikabadilisha swali na kumwuliza thamani ya x² + y². Safari hii zinatosha kweli, kwa sababu (x + y)² ni 25, 2xy ni 12, na 25 ukitoa 12 ni 13, hata kama x yenyewe haijulikani. Kadi ile haikuwa na nafasi ya kile kinachoulizwa.

Najua hoja ya muda. Tangu toleo jipya la mtihani lianze mwishoni mwa 2023, maswali haya yamo katika sehemu ya uchambuzi wa data, yenye maswali 20 kwa dakika 45, yaani dakika mbili na robo kwa kila swali. Orodha ile ya namba kumi haimalizi hata nusu dakika. Fungua majaribio yako ya zamani, tafuta kila swali ulilochagua C bila kuandika chochote, ulifanye upya ukianza na kila taarifa peke yake, kisha uniandikie ni mangapi yamebaki C.